Kusajili Si Kuweka Mipaka

Tarehe 13 Desemba 2024 Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, GMC, lilifungua daftari jipya. Washirika wa madaktari, maarufu kwa herufi mbili tu, PA, walikuwa wameshafanya kazi katika huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, NHS, kwa takriban miongo miwili bila chombo chochote cha kisheria kuwasimamia. Sasa kila mmoja angeweza kupewa namba, kuchunguzwa akilalamikiwa na kufutwa akithibitika kuwa hatari. Namba zao zinaanza na herufi A ili zisichanganywe na za madaktari. Kipindi cha mpito ni miaka miwili: kuanzia Desemba 2026, kufanya kazi kwa jina hilo bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

Waliodhani mjadala umeisha hawakukaa muda mrefu. Tarehe 16 Julai 2025 Profesa Gillian Leng, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza kada hiyo, alitoa ripoti yenye mapendekezo 18. Serikali iliyakubali yote. Ukiyasoma moja moja unaona jambo la kushangaza: maswali mazito yaliyomo hayakuwa yamejibiwa na daftari la GMC. Aitwe nani? Avae nini? Amwone mgonjwa wa aina gani? Nani ampime kazi yake? Aanzie kazi hospitali au kwenye kliniki ya mtaa? Bunge lilitunga amri, baraza likafungua daftari, ada zikalipwa, na bado hakuna aliyekuwa ameandika mtu huyu anaishia wapi. GMC yenyewe ilisema wazi kwamba kuweka mipaka ya kazi baada ya mtu kuhitimu ni suala la mwajiri na msimamizi wake.

Hapo ndipo penye kosa, na si kosa la Waingereza peke yao. Namba ya usajili humwambia mgonjwa kwamba mtu aliye mbele yake si tapeli. Haimwambii kama mtu huyo anatakiwa kumtibu yeye, leo, kwa tatizo hili.

Tuanze na PA mwenyewe ni nani, maana mitandaoni anachorwa ama kama tapeli ama kama mkombozi. Ni mhitimu wa shahada ya kwanza, mara nyingi ya sayansi ya viumbe, aliyesoma kozi ya miaka miwili ya uzamili yenye saa zipatazo 1,600 za mafunzo kwa wagonjwa. Daktari wa Uingereza husoma miaka mitano au sita, kisha hufanya miaka miwili ya mwanzo kazini kabla hajaanza hata kuchagua ubingwa. PA huchukua maelezo ya mgonjwa, hupima, huagiza vipimo vya damu, hupendekeza tiba. Haandiki dawa. Na kwa miaka yote ambayo hakuwa mtaalamu aliyesajiliwa kisheria, hakuruhusiwa kuagiza eksirei wala CT, kwa sababu kanuni za mionzi zinamtaka mwenye kuagiza awe kwenye daftari la taaluma.

Wazo lilitoka Marekani. Mwaka 1965 Dk. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alichukua wanaume wanne waliokuwa wauguzi wa jeshi la majini akaanza kuwafundisha kazi za kitabibu. Kule kada ilikua pamoja na sheria za majimbo, leseni, mitihani ya kurudiwa na, hatua kwa hatua, haki ya kuandika dawa. Uingereza ilikopa cheo ikaacha kiunzi. Kilichokuwepo kwa miaka mingi ni orodha ya hiari: aliyeondolewa kwenye orodha kwa utovu wa nidhamu aliweza kesho yake kuajiriwa kwingine, na mwajiri asivunje sheria yoyote.

Halafu ikaja fedha. Kliniki za madaktari wa familia nchini Uingereza ni kama biashara ndogo zenye mkataba na serikali. Kuanzia 2019 serikali ilianzisha mpango wa kurejesha mishahara ya kada za ziada: mfamasia, na muda mfupi baadaye mtaalamu wa viungo na PA. Daktari wa familia hakuwemo. Aliongezwa kwa masharti Oktoba 2024. Weka hesabu hiyo mezani kwa mmiliki wa kliniki wa miaka hiyo. Akiajiri daktari, mshahara unatoka mfukoni mwake. Akiajiri PA, serikali inamrudishia. Wagonjwa wanapiga simu saa mbili asubuhi, foleni haiishi. Atamwajiri nani, na atamkalisha kwenye chumba gani? Hakuna waraka uliosema PA achukue nafasi ya daktari wa familia, lakini bajeti ilikuwa inasema hivyo kila mwezi.

Mwaka 2023 Mpango wa Muda Mrefu wa Nguvukazi wa NHS ulitangaza lengo la PA 10,000 ifikapo 2036/37. Wakati huo mshahara wa kuanzia wa PA ulikuwa tayari unaupita ule wa daktari wa mwaka wa kwanza. Kwa viwango vya 2024/25, PA aliyetoka chuoni alianza na pauni 46,148. Daktari mpya, pauni 36,616, kwa saa nyingi zaidi kwa wiki. Usishangae basi kwamba hasira ya madaktari vijana imechanganyika na hoja za usalama hadi ni vigumu kuzitenganisha. Wana lao jingine. Daktari kijana huhamishwa kitengo kila baada ya miezi minne au sita, PA habanduki. Daktari bingwa anamfahamu, anamwamini, anamfundisha kutoboa uti wa mgongo na kuweka mrija kifuani, wakati daktari anayetakiwa kuzijua kazi hizo yuko kwenye kompyuta anaandika barua za kuruhusu wagonjwa. Ongeza kwamba mwaka 2025 waombaji zaidi ya 30,000 waligombea nafasi za mafunzo ya ubingwa zisizofika nusu ya idadi yao. Ni kweli madaktari wana maslahi yao katika ugomvi huu. Mwenye maslahi anaweza pia kuwa na hoja.

Na hoja ipo. Mwaka 2022 mwigizaji mmoja wa kike wa umri wa miaka 30 alikwenda mara mbili kwenye kliniki ya kaskazini mwa London. Alikuwa na maumivu ya kigimbi, na mara ya pili mguu umevimba na pumzi inamkatika. Mara zote mbili alionwa na PA yule yule. Yeye na familia yake walidhani ni daktari. Aliambiwa ni mkazo wa msuli, kisha uviko wa muda mrefu na wasiwasi, akapewa propranolol, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Alikuwa na damu iliyoganda mguuni ambayo ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alifariki. Mchunguzi wa vifo alisema alipaswa kupelekwa hospitali mara moja, na kwamba angepelekwa huenda angepona.

Wengi hulitumia tukio hili kusema PA hawafai. Mimi naliona kama somo la jinsi mfumo unavyoshindwa hata pale kila mtu anapofuata utaratibu wake.

Chukua usimamizi. Kwenye karatasi kila PA ana daktari anayemsimamia. Sasa fanya hesabu ya siku ya kawaida. PA ana wagonjwa 20. Kujadili kila mmoja vizuri, kwa maana ya kusikiliza maelezo, kuangalia vipimo, kuuliza swali moja la nyongeza na kusaini dawa, ni dakika 5 kwa uchache. Hizo ni dakika 100 za daktari ambaye naye ana wagonjwa wake. Kliniki nyingi hazina dakika hizo. Daktari akitenga nusu saa, wagonjwa sita watajadiliwa. Wanaobaki 14 watapita.

Swali ni moja: nani anachagua wale sita?

Ni PA mwenyewe. Atapeleka kesi zinazomtatiza. Kesi inayoua ni ile isiyomtatiza, ile aliyokwisha kuipa jina akatulia. Mkazo wa msuli haumpeleki mtu kugonga mlango wa daktari. Kwa hiyo usimamizi wa namna hii huchuja makosa madogo na kuyaacha makubwa, kwa sababu msimamizi huona tu kile anachoonyeshwa na mtu ambaye upeo wake ndio unaotakiwa kusimamiwa. Hakuna uzembe wa mtu hapo. Hata PA mwangalifu kuliko wote hawezi kuripoti asichokiona.

Kisha kuna saini ya dawa. PA haandiki dawa, hivyo huandaa, na daktari husaini, mara nyingi kwenye skrini kati ya mgonjwa na mgonjwa, bila kumwona mwenye dawa. Kisheria aliyesaini ndiye mwenye jukumu. Kiutendaji anasaini hukumu ya mtu mwingine. Propranolol kwa mwanamke kijana mwenye wasiwasi ni saini ya sekunde tatu. Haina kitu cha kumshtua daktari. Propranolol kwa mwanamke mwenye kigimbi kilichovimba na moyo unaokwenda mbio ingemshtua mwanafunzi wa mwaka wa nne, lakini kigimbi hakikuwemo kwenye skrini. Hospitalini mambo yamekuwa na sura nyingine: baadhi ya PA wameripotiwa kutumia nywila za madaktari kuagiza dawa au picha za mionzi wasizoruhusiwa. Kizuizi ambacho kazi ya kila siku inadai kivunjwe hakikai wiki.

Leng aliliona hili, na pendekezo lake la msingi ni zuri: PA wasiwaone wagonjwa ambao ugonjwa wao haujajulikana, isipokuwa ndani ya itifaki za kitaifa zilizoainishwa wazi. Alisema pia warudishiwe jina la wasaidizi wa madaktari, wavae sare na beji zinazowatofautisha, na wapya wakae angalau miaka miwili hospitalini kabla ya kwenda kwenye kliniki za mitaani au afya ya akili. Jina na beji sitavitetea sana wala kuvipinga. Ni kazi ya wiki moja na vingepaswa kufanywa zamani. Mwaka 2024 mwanamke wa miaka 77 alifariki baada ya PA kwenye idara ya dharura kumruhusu kwenda nyumbani kama mtu aliyetokwa damu puani, kumbe alikuwa na ngiri iliyobana utumbo, na familia ilidhani imeongea na daktari. Mtu akijua hajamwona daktari, anaweza kuomba amwone. Hiyo ni kinga, ndogo lakini ya bure.

Neno linalohitaji kutazamwa kwa karibu ni itifaki. Linasikika kama dawa ya kila kitu. Mpe mtu karatasi ya hatua, afuate, basi. Lakini itifaki hazifanani, na tofauti yake ndiyo inayoamua nani apewe ipi.

Chukua kipimo cha Wells, kinachotumika kukadiria uwezekano wa damu kuganda kwenye mapafu. Dalili za kuganda damu mguuni ni alama 3. Mapigo ya moyo zaidi ya 100 kwa dakika, 1.5. Kulala kitandani siku tatu au upasuaji ndani ya wiki nne zilizopita, 1.5. Kuwahi kuganda damu siku za nyuma, 1.5. Kukohoa damu, 1. Saratani, 1. Kisha kuna alama 3 zinazotolewa iwapo mpimaji anaona damu iliyoganda ndiyo maelezo yenye nguvu kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ukizidi 4, mgonjwa anakwenda moja kwa moja kupigwa picha.

Tazama kinachotokea. Mwanamke ana kigimbi kilichovimba chenye maumivu, mapigo 110. Mpimaji anayeuhesabu mguu anapata 4.5 na anamkimbiza hospitali. Mpimaji aliyekwisha kuuita mguu huo mkazo wa msuli hauhesabu, anabaki na 1.5. Na alama 3 za mwisho hawezi kuzitoa hata kidogo, kwa sababu tayari ana maelezo mengine anayoyaamini. Karatasi ile ile, mgonjwa yule yule, majibu mawili. Hukumu ambayo itifaki ilitakiwa kuiziba imeingizwa ndani ya itifaki yenyewe, ikavikwa namba.

Sasa linganisha na kitu ambacho tabibu yeyote, yaani mtoa tiba asiye daktari, wa zahanati ya Tanzania au Kenya anakifahamu: mwongozo wa IMCI wa kutibu watoto chini ya miaka mitano. Mtoto anakohoa. Unahesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kabla ya hapo umeuliza na kuangalia dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu. Moja tu ikiwepo, ni rufaa baada ya dozi ya kwanza. Mwongozo hauombi maoni yako kama unadhani ni nimonia. Unakuomba uhesabu. Makosa yake yanajulikana na yanafundishika: kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kuhesabu mtoto akiwa analia, kuhesabu nguo badala ya kifua. Msimamizi akikaa pembeni na saa mkononi anayaona yote ndani ya dakika moja.

Mwongozo huu ulijaribiwa hapa nyumbani, Tanzania. Tathmini iliyofanywa kati ya 1999 na 2002 ililinganisha wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizokuwa na IMCI, na Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa nayo. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa 13% kwenye wilaya zenye mwongozo. Kitakwimu tofauti hiyo haikuwa imara kiasi cha kufunga mjadala, lakini ubora wa huduma kwenye vituo ulipanda bila ubishi, na waliotoa huduma hiyo kwa sehemu kubwa hawakuwa madaktari.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba asiye daktari hawezi kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Afrika Mashariki imejengwa juu ya watu hao. Kule vijijini mgonjwa anayefika zahanati hana mtu wa kumwainishia ugonjwa kabla hajamwona tabibu. Tabibu wa Tanzania anasoma stashahada ya miaka mitatu. Mwenzake wa Kenya anasoma mitatu na kuongeza mwaka wa mafunzo kazini, kisha anaingia kwenye daftari la baraza la kada yake mwenyewe chini ya sheria ya 2017. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2017 inayowaweka madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Tabibu anaandika dawa. Anaongoza kituo kama mganga mfawidhi. Na hapo kati walitoka madaktari wasaidizi, matabibu waliorudi darasani miaka miwili zaidi, ambao kwa miongo mingi ndio waliobeba upasuaji wa uzazi kwenye hospitali za wilaya.

Ushahidi kuhusu upasuaji huo ni wa kuheshimiwa. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka hospitali 14 za Tanzania uligundua kwamba matokeo ya madaktari wasaidizi hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari. Uchambuzi wa tafiti sita za nchi zinazoendelea, uliochapishwa 2011 na kujumuisha wanawake zaidi ya 16,000, haukuona tofauti ya vifo vya mama wala mtoto kati ya waliopasuliwa na matabibu na waliopasuliwa na madaktari. Uliona kitu kingine: vidonda kuingia wadudu na kuachia nyuzi vilikuwa vingi zaidi upande wa matabibu. Matokeo hayo mawili yasomwe pamoja. Anayeyatumia la kwanza na kuficha la pili anauza kitu. Kidonda kinachoachia kinazungumzia mbinu ya mkono, dawa ya kuua wadudu kabla ya kisu, muda wa upasuaji, labda pia aina ya hospitali na hali ya mama alivyofika. Ni vitu vya kurekebishwa kwa mafunzo na vifaa.

Kwa nini basi upasuaji wa uzazi ulikubali kupokezwa, na chumba cha daktari wa familia kaskazini mwa London kikakataa? Kwa sababu upasuaji wa uzazi ni kazi moja iliyofungwa. Una mwanzo, una mwisho, ukikosea unajua ndani ya saa au siku. Mtu akirudia mara 300 anakuwa fundi. Chumba cha daktari wa familia ni kinyume chake. Kati ya watu 20 wenye miguu inayouma, 19 wana miguu inayouma tu. Ujuzi wote uko kwenye kumtambua wa ishirini, na ukimkosa huenda usijue kamwe, kwa kuwa atafia pengine. Watawala wengi wana imani potofu kwamba kliniki ya mtaani ni kazi rahisi na chumba cha upasuaji ni kazi ngumu, hivyo asiye daktari aanzie mtaani. Mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Miaka miwili ya hospitalini aliyoipendekeza Leng inakiri hivyo kimyakimya.

Tabibu wetu anaponea wapi, ikiwa naye yupo kwenye chumba hicho hicho kigumu? Ana vitu vinne ambavyo PA hakupewa. Magonjwa mengi anayokutana nayo yana vipimo vya moja kwa moja, kama mRDT, kipimo cha haraka cha malaria. Miongozo yake iliandikwa ikianzia kwenye dalili, kwa kujua kwamba msomaji wake si daktari. Orodha ya dawa ya taifa imegawa dawa kwa ngazi, A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya na kuendelea, hivyo mipaka yake imewekwa hata kwenye kabati la dawa. Na ana ngazi ya kupanda. Haya yote yalikuwepo kabla ya mtu kuuliza avae beji ya rangi gani.

Lakini tusijipongeze kupita kiasi, maana ugonjwa wa usimamizi wa karatasi tunao, tena sugu. Timu ya halmashauri inakuja kila robo mwaka, mafuta ya gari yakipatikana. Inakagua vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo: vimejazwa? Jumla zinalingana? Choo kina maji? Kisha inasaini kitabu cha wageni na kuondoka. Ni nadra kukuta msimamizi aliyekaa chumbani akamwangalia tabibu akimpima mtoto. Nadra zaidi ni yule anayechomoa mafaili kumi ya wiki iliyopita na kuuliza: dalili ulizoandika hapa zinafanana na ugonjwa ulioandika hapa? Na huyu aliyerudi mara mbili, mara ya pili ulifikiria nini kipya? Kipimo hicho hakihitaji mradi wala semina. Kinahitaji mtu anayejua tiba, saa mbili, na mafaili kumi ambayo tabibu hakuyachagua yeye. Hilo la mwisho ndilo la muhimu, kwa sababu lile lile tuliloliona kwa PA.

Waingereza nao ndilo wangelianzia. Leng anataka kila PA awe na daktari maalumu anayemsimamia. Vizuri. Muda wa daktari huyo uandikwe kwenye ratiba yake kama kazi, si kama fadhila. Kama kliniki haiwezi kulipia dakika 100 kwa wagonjwa 20, basi PA awe na wagonjwa 10. Idadi ya wagonjwa itokane na muda wa usimamizi uliopo, kamwe isiwe kinyume. Daktari achague mwenyewe mafaili ya kukagua, bila kupangiwa. Mgonjwa akirudi na tatizo lile lile amwone daktari uso kwa uso, hata kama PA ana uhakika, hasa kama PA ana uhakika. Septemba 2025 Uingereza ilianzisha kanuni inayowataka madaktari wa familia wafikirie upya mgonjwa akija mara ya tatu bila jibu. Kwa PA, mara ya pili ingetosha. Mwigizaji yule alikwenda mara mbili.

Na mipaka iandikwe kwa malalamiko ya mgonjwa, isiandikwe kwa majina ya magonjwa wala kwa orodha ya kazi za mikono. Ukisema PA anaruhusiwa kutibu mkazo wa msuli, umemruhusu kutibu kila anachokiita mkazo wa msuli. Ukisema hamwoni mtu mzima mwenye mguu mmoja uliovimba, maumivu ya kifua, pumzi fupi, au maumivu ya tumbo yenye kutapika, msichana wa mapokezi anaweza kuitekeleza sheria hiyo kwa simu kabla mgonjwa hajatoka nyumbani. Chama cha Madaktari cha Uingereza, BMA, kilitoa mwongozo wake wa mipaka mwezi Machi 2024 kwa mtindo wa rangi za taa za barabarani, na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia kilipiga kura Septemba mwaka huo kuwapinga PA kabisa kwenye kliniki za familia. Mwongozo huo ulikuwa na manufaa zaidi kuliko kura hiyo, hata kama mwandishi wake alikuwa chama cha wafanyakazi chenye wanachama wa kuwalinda.

PA wenyewe, zaidi ya 3,500 England, ndio walioachwa njiani. Wengi walikopa ada wakiahidiwa taaluma inayopanuka. Hawakuandika wao ule mpango wa mishahara, hawakujipangia wagonjwa 20 kwa siku, wala hawakukataa kusajiliwa. Chama chao kilikuwa kikiomba usimamizi wa kisheria miaka mingi kabla Bunge halijashtuka. Kuwafukuza leo ni kumwadhibu mtu kwa kukubali kazi aliyopewa.

Kwetu somo hili linakuja kwa mlango wa bima. Mapema 2025 matabibu wa Kenya waliingia kwenye mgogoro na mamlaka mpya ya bima ya SHA, wakilalamika kwamba mfumo hauwatambui ipasavyo na kwamba vituo wanavyoviongoza vinanyimwa mikataba. Sheria yao ya 2017 iliwapa haki ya kutibu. Programu ya malipo haikuwa na nafasi ya kuwaingiza. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kadiri inavyoanza kutekelezwa, mtu fulani ofisini ataamua ni huduma gani italipwa kwa saini ya daktari tu na ipi kwa saini ya tabibu. Bei itapangwa kwa kila moja. Uamuzi huo utaonekana kama jambo la wahasibu. Mwaka mmoja baadaye utakuwa umeshaamua nani anakaa kwenye chumba gani kwenye kila kituo cha afya nchini, kama mpango wa mishahara ulivyoamua London, na Baraza la Madaktari litakuwa limebaki na daftari lake. Matabibu, baraza na wizara wakae na wahasibu hao kabla jedwali la bei halijachapishwa, waandike dalili kwa dalili nani amwone nani, na ni dakika ngapi za msimamizi zimo ndani ya bei hiyo.